Yamna Bado Yuko Hispania

Wiki jana tulimwacha mjane Yamna mbele ya meza ya Si Larbi, yaani Bwana Larbi, karani wa viza, kitambulisho mkononi, akisubiri kuambiwa aende kulia walikokaa wanawake waliopata viza ya msimu wa stroberi, au kushoto walikokaa waliokosa. Si Larbi hakumpeleka kulia wala kushoto. Aliitazama kompyuta, akamtazama Yamna, akaitazama tena kompyuta. Halafu akayasema yale maneno yaliyotufungia ukurasa.

"Wewe hujarudi bado."

"Sijarudi wapi?"

"Kutoka Hispania. Uliingia msimu uliopita, hukutoka. Mpaka leo uko huko huko."

Yamna alidhani ni mzaha. Si Larbi hakuwa mtu wa mizaha, lakini mtu akishikwa na jambo la ajabu hukimbilia kudhani ni mzaha.

"Si Larbi, Mungu akuhifadhi. Mimi hapa, nimesimama mbele yako."

"Nakuona."

"Basi?"

"Mimi kukuona haisaidii. Kompyuta haikuoni."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Walikuwa wanawake wa vijiji vyote vya bonde lile, kila mmoja na kibahasha cha plastiki kifuani.

"Mguse kwanza, Si Larbi, asije akawa jini wake!" mmoja alipiga kelele.

"Yamna, ukirudi huko uliko utuletee sabuni za kunukia!"

Yamna naye alicheka. Msomaji, kitunze kicheko hicho, maana hutakisikia kingine leo.

Si Larbi aligonga meza mpaka wakanyamaza. "Kanuni mnaijua. Msimu ukiisha, unarudi kwenu. Ukirudi, mwaka unaofuata unaitwa tena bila maswali. Usiporudi, jina lako linatiwa doa, na doa lile halitoki kwa sabuni. Huyu jina lake lina doa."

"Lakini nilirudi!"

"Lete pasipoti. Nikiuona muhuri wa kutoka Hispania, nitasema mwenyewe kwamba kompyuta imekosea. Nisipouona, wewe ni mtoro, na mtoro hapati viza kwangu wala kwa mtu mwingine."

"Pasipoti iko kwa mama yangu."

"Basi bado unasimama hapa kwa nini? Nikishaswali alasiri nafunga."

Yamna aligeuka kumtafuta Zhor. Zhor ndiye aliyekuwa kiongozi wa kundi lao kule mashambani, yeye ndiye aliyewapanga kwenye basi la kurudi, yeye ndiye aliyeshika pasipoti zao zote mpakani. Alikuwa ameketi upande wa kulia, na tabasamu la mtu aliyekwisha kupata.

"Zhor! Waambie! Si tulirudi pamoja?"

Zhor aliangalia viatu vyake. "Dada, watu walikuwa wengi siku ile. Mimi nitakumbuka nani na nani?"

"Ulilalia bega langu kwenye feri mpaka ukanimwagia udenda!"

"Labda ni mwingine."

Zhor akavuta mkono wa jalabia yake haraka, afunike kifundo cha mkono. Alichelewa. Yamna alikwisha iona bangili ya fedha iliyobonyea upande mmoja. Aliijua bangili ile tangu akiwa mtoto mgongoni, maana ilikuwa ya mama yake, na mama yake alisema aliiuza mjini ili waezeke paa upya.

Yamna alitoka mbio.

Tuseme wazi kilichokuwa kinamkimbiza. Haikuwa stroberi. Hakuna mwanamke anayezipenda stroberi baada ya kuziinamia kutwa nzima chini ya plastiki, mgongo ukiwaka moto. Kilichomkimbiza ni Ikram, binti yake wa pekee, aliyekuwa akisoma shule ya mji wa pili na kulala kwenye bweni la wasichana. Bweni lilimrudisha nyumbani mpaka mama yake alipe, na bibi yake alikwisha mwahidi mama mmoja wa Casablanca kwamba Yamna akikosa viza, Ikram atakwenda kumfanyia kazi za ndani. Mama huyo alikuwa anakuja kesho asubuhi kumchukua. Na mwakani isingewezekana tena, kwa sababu mashamba yanachukua wanawake wenye watoto wadogo tu, wale wenye kitu cha kuwarudisha nyumbani. Mwakani Ikram angekuwa amepita umri, na Yamna asingekuwa na kitu chochote cha kumrudisha, kwa macho ya wenye mashamba.

Alimkuta mama yake, Bi Tahra, akikanda unga. Ikram alikuwa pembeni anakunja nguo zake. Alizikunja vizuri, bila kulia, na hilo lilimuuma Yamna kuliko angelia.

"Mama, nipe pasipoti yangu."

"Ya nini? Utaipoteza. Acha ikae sandukuni."

"Si Larbi anaitaka."

"Si Larbi hana shughuli nyingine?"

"Mama. Bangili yako iko wapi?"

Mikono ya Bi Tahra ikasimama ndani ya unga. "Si niliiuza."

"Ulimuuzia Zhor?"

Mama alijifuta mikono, akavua ufunguo uliokuwa shingoni mwake, ule ambao hakuna mtu aliyewahi kupewa. Akautupa mkekani.

"Kachukue. Utazame mwenyewe."

Yamna alifungua sanduku. Chini ya shuka, ndani ya kitambaa, ilikuwepo pasipoti iliyofungwa uzi mwekundu, na alipouona uzi ule moyo wake ulitulia. Uzi mwekundu ulikuwa wake. Wanawake wa kundi la Zhor wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo kila mmoja alifunga pasipoti yake uzi wa rangi yake. Yamna mwekundu, mdogo wake Hadda wa kijani, na wengine hivyo hivyo. Zhor alizikusanya zote, akazipanga kama karata, na penye dirisha la polisi alizitoa moja moja huku akimsukuma mwenyewe mbele: huyu, haya, huyu. Polisi amechoka, foleni ndefu, wanawake wote wameungua na jua na kujifunga vitambaa mpaka kidevuni. Muhuri, pita. Muhuri, pita. Walipofika kijijini, Zhor aliikabidhi ya Yamna kwa mama yake, na mama akaifungia. Yamna hakuwahi kuifungua. Aifungue ili asome nini?

"Ni hii hapa! Ikram, njoo unisomee. Tafuta muhuri wa kutoka."

Ikram alifungua uzi. Akapekua. "Upo, mama. Huu hapa. Na wa kuingia kwetu upo. Umerudi kabisa."

"Alhamdulillahi! Nilimwambia yule mzee!"

Ikram alirudi ukurasa wa kwanza. Akaisogeza karibu na macho.

"Nini?"

"Mama, hii siyo yako. Hii ni ya mama mdogo Hadda."

Yamna alimnyang'anya. Hakujua herufi, lakini uso aliujua. Pua ile ile ya baba yao, macho yale yale, ila kidoti kidogo chini ya jicho kilikuwa cha Hadda. Hadda, ambaye asubuhi ya kurudi hakuonekana kwenye bweni la shambani. Hadda, ambaye Yamna alimlilia njia nzima akidhani jina lake limekwisha haribika.

Jina la Hadda halikuharibika hata kidogo. Hadda alikuwa amerudi nyumbani kwa miguu ya Yamna.

"Mlibadilisha nyuzi," alisema taratibu. "Mama, mlibadilisha nyuzi zetu."

"Zhor ndiye aliyebadilisha."

"Kwa bangili yako!"

"Ningefanyaje?" Bi Tahra alipaza sauti. "Hadda alipiga simu analia, hawezi kurudi, hataki kusema kwa nini. Ana mume! Bouchta tumemwambia shamba limemwongezea kazi. Aliapa mbele ya watu kwamba jina la mkewe likisomwa na ya watoro atamwacha, na watoto wote watatu atawachukua asiwaone tena. Wewe nani angekuacha? Wa kukuacha yuko kaburini."

"Kwa hiyo mkalitupa langu."

"Jina la mjane linamuuma nani?"

"Linaniuma mimi, mama."

Bi Tahra akarudi kwenye unga wake. Alikanda kwa nguvu kama ndio uliomkosea. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Basi tumia la mdogo wako. Liko safi, litaitwa leo leo. Mnafanana. Nani atajua?"

"Naenda kwa Si Larbi. Nitamwambia yote, wewe na Zhor na bangili yenu."

"Utamuua mdogo wako."

"Na nyinyi mlipokuwa mnaniua mimi, mlihesabu ni nini?"

Alivaa viatu. Ikram akavaa vyake. "Nakuja na wewe," alisema msichana. "Wakikuwekea karatasi, nani atakusomea?"

Ndani ya teksi Yamna alimpigia Hadda. Alitaka kumwonya tu, maana hata adui huonywa, na yule alikuwa tumbo moja naye. Simu ililia mpaka akakata tamaa, kisha ikapokewa.

"Dada yangu!" Sauti ya Hadda ilijaa furaha ya kweli, na furaha ile ilimtia Yamna hasira zaidi.

"Nimeiona pasipoti."

Furaha ikafa. Halafu, karibu kabisa na simu, mtoto mchanga akalia.

"Mtoto wa nani huyo?" Yamna aliuliza.

Hadda alimbembeleza mtoto kwanza.

"Hadda. Mtoto wa nani?"

"Wako."

"Leo sina utani na wewe."

"Hospitali waliniomba pasipoti, na niliyokuwa nayo ni yako. Kwenye karatasi za huku mama yake anaitwa Yamna binti Allal."

Yamna aliona miti inapita dirishani na hakuwa anaona miti. Bouchta hajamgusa Hadda tangu walipopanda basi la kwenda. Hesabu hiyo haihitaji kusoma.

"Baba yake?"

"Usiniulize. Chumba walichonihamishia mlango wake haukuwa na kufuli. Unakumbuka."

Yamna alikumbuka. Alikumbuka pia kwamba yeye alikuwa akisukuma kitanda chake mpaka mlangoni kabla ya kulala, na siku walipomhamisha Hadda aliwaza kumwambia afanye hivyo hivyo, akasahau kwa uchovu.

Sauti ya Hadda ilishuka. "Dada, ukisema, watanitafuta. Watanirudisha na mtoto mkononi, nishuke kwenye feri mbele ya Bouchta. Unajua atakachofanya."

"Na nisiposema, kesho Ikram anakwenda Casablanca kuwa mtumishi."

"Ikram ni mkubwa. Ataosha vyombo. Nani amekufa kwa kuosha vyombo?"

Yamna alikata simu. Mpaka pale alikuwa amekwisha kumwonea huruma mdogo wake, moyo umelainika, machozi yako karibu. Neno lile la vyombo liliyarudisha machozi yote yalikotoka. Ikram alikuwa amesikia kila kitu, kwa sababu simu ya Yamna ilikuwa mbovu na huwezi kusikia usipoipandisha sauti mpaka mwisho.

Walipofika ukumbini, kiti cha Si Larbi kilikuwa kitupu. Alikuwa amekwenda kuswali.

Kwenye meza yake aliketi mwanamke mwenye miwani na mkoba mzuri, Lalla Bahija, mwakilishi wa wenye mashamba, aliyefika mchana kutoka Tangier. Hakumjua hata mmoja wa wanawake wale. Mbele yake palikuwa na karatasi, muhuri, na glasi ya chai ya nanaa iliyopoa.

"Tunaanza na watoro," alisema Lalla Bahija, "ili wengine mjifunze. Kijiji kitakachotoa mtoro mwingine mwaka huu nakifuta chote. Sitachukua hata bibi kizee. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Lalla."

"Mtoro ni mmoja. Yamna binti Allal."

Ukumbi ulikufa ganzi. Wanawake wote walimjua Yamna. Wengine walilala naye chumba kimoja, wengine asubuhi ile ile walimtania kwamba ni jini. Walimwona amesimama mlangoni, na binti yake nyuma yake. Hakuna aliyefungua mdomo. Kila mmoja alikuwa na kibahasha chake cha plastiki kifuani, na kila mmoja alikibana kidogo.

Yamna alivuta pumzi aseme. Maneno aliyapanga njia nzima. *Mimi ndiye Yamna. Nilirudi. Nyuzi zilibadilishwa.*

"Sasa waliorudi," Lalla Bahija aliendelea. "Hawa viza zao sina maswali nazo. Hadda binti Allal."

Lalla Bahija aliinua macho.

"Hadda binti Allal! Yupo au hayupo? Nikipita jina sirudi nyuma."

Yamna alimwona mtoto mchanga ambaye hajamwona. Akamwona Hadda anashuka kwenye feri. Akaziona nguo za Ikram zilizokunjwa vizuri mkekani. Halafu akasikia sauti ikijibu, na ilikuwa yake.

"Nipo."

Alitembea mpaka mezani, akaitoa pasipoti ya Hadda. Lalla Bahija alifungua pasipoti, akatazama picha, akatazama uso. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Umekonda."

"Ndiyo, Lalla."

"Na hapa chini ya jicho mbona naona kidoti? Wewe huna."

Yamna aligeuza kichwa upande wa kulia na kumkazia macho Zhor, kisha macho yakashuka mpaka kwenye mkono wenye bangili. Zhor aliinuka kama aliyechomwa sindano.

"Ni uchafu wa picha, Lalla! Huyu wa kundi langu, namjua. Ndiye Hadda huyu."

"Unaapa?"

"Naapa."

Lalla Bahija alichukua kalamu. "Watoto?"

"Watatu."

"Majina?"

"Ayman. Soufiane. Na mdogo, Ilyas." Aliwataja mmoja mmoja, watoto aliowaogesha na kuwalisha, na baada ya jina la tatu ulimi wake ulitaka kuongeza la nne. Akaung'ata.

"Huyu Yamna binti Allal ni nani wako? Baba mmoja?"

"Dada yangu."

"Yule aliyetoroka?"

"Yule."

Lalla Bahija alitikisa kichwa. Macho yake yalipita bega la Yamna, yakatua mlangoni. "Na yule msichana pale? Mbona analia?"

Yamna hakugeuka. Alijua akigeuka kila kitu kimekwisha.

"Mtoto wa dada yangu."

"Maskini. Mwanamke gani huyo anamtupa mtoto mzuri namna ile kwa ajili ya stroberi?"

"Mwanamke mbaya, Lalla," alisema Yamna. "Mbaya sana."

Nyuma yake alisikia viatu vya Ikram vikija. Vilitembea polepole mpaka vikasimama kando yake, na mkono mdogo wenye jasho ukashika wake. Msichana yule alikuwa anajua kusoma, na alikuwa amekwisha kusoma ukumbi mzima.

"Mama mdogo," alisema Ikram, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Mama mdogo, ukimaliza twende nyumbani."

Upande wa kushoto mwanamke mmoja alianza kulia, akajifunika uso kwa kitambaa. Lalla Bahija alidhani anawalilia walioachwa na mtoro. Akaupumulia muhuri, akauinua.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Si Larbi aliingia akishusha mikono ya shati, uso wake bado una maji ya udhu. Alipomwona mjane mezani alifurahi kwa dhati, maana alikuwa mtu wa kanuni lakini hakuwa mtu mbaya.

"Aha, Yamna!" alisema. "Umeileta pasipoti yako?"